Joto la Shule Kutoka Msituni

Leo tuzungumze habari za kuni. Sisemi kuni za mafiga matatu peke yake. Nasema kuni zinazopasha joto shule nzima, ofisi za umma na hata jengo la bunge, tena katika nchi ambazo wengi wetu tunadhani zilikwisha kuachana na kuni tangu enzi za mababu.

Tuanzie magharibi ya jimbo la Montana, Marekani, katika bonde la Bitterroot. Kiangazi cha mwaka 2000 bonde lile liliungua. Ekari zaidi ya 300,000 ziliteketea, na nyumba za watu zikaenda na moto. Tarehe 6 Agosti mwaka huo John McColgan, mtaalamu wa mwenendo wa moto, alipiga picha iliyozunguka dunia: wanyama wakubwa wanaofanana na swala, waitwao elki, wamesimama katikati ya mto, na nyuma yao mlima mzima unawaka.

Kwa nini moto ule ulikuwa mkali namna ile? Ukame ulikuwepo, na radi zilipiga. Lakini ipo sababu ya zamani zaidi. Misindano ya ponderosa katika mabonde yale ilizoea moto mdogo wa chinichini, unaopita kila baada ya miaka kadhaa, ukala majani makavu na miche dhaifu, na kuiacha miti mikubwa salama kwa sababu ya gome lake nene. Katika karne ya 20 serikali ikaamua kuuzima kila moto. Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya Marekani iliweka hata kanuni kwamba moto ukionekana leo, uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya kesho. Nia ilikuwa njema. Lakini miche ambayo zamani ingeondolewa na moto mdogo ilibaki, ikaongezeka, ikasongamana chini ya miti mikubwa. Siku moto ulipokuja, ulipanda juu yake mpaka vileleni, na huko hakuna wa kuuzima.

Baada ya 2000 zilitengwa fedha za kupunguza miti kuzunguka makazi ya watu. Wakakata. Tatizo likawa hili: mti wenye unene wa paja haupasuki ubao wa maana, na wenye viwanda vya mbao hawakuutaka. Kwa hiyo ulilundikwa, ukangojewa msimu wa theluji, ukachomwa pale pale porini. Moshi ukashuka bondeni. Na huko bondeni zilikuwepo shule zinazopasha madarasa joto kwa mafuta yaliyonunuliwa kutoka mbali, yakiletwa na malori ya matangi. Joto linateketezwa mlimani, joto linanunuliwa bondeni, na kati ya hapo na pale ni kilometa chache tu. Jambo hilo lilimuuma mtu yeyote aliyekaa akalifikiri.

Mpango uliozaliwa kutokana na fikra hiyo uliitwa Fuels for Schools, na wa kwanza kuingia walikuwa watu wa Darby, mji mdogo ambao wakazi wake hawakufika 1,000. Boila ya kuni ya shule zao iliwashwa mwaka 2003. Baadaye shule nyingine za Montana zilifuata, kisha mpango ukavuka mpaka hadi majimbo ya jirani kama Idaho.

Nieleze kidogo jinsi boila hizi zinavyofanya kazi, maana wengi wetu tukisikia kuni shuleni tunaona macho mekundu ya mpishi na sufuria lililofunikwa masizi. Miti myembamba hupitishwa kwenye mashine inayoikatakata kuwa vibanzi vidogo, vya ukubwa wa kiberiti hivi. Lori moja linaleta zaidi ya tani 20 na kumwaga kwenye ghala ambalo kwa kawaida limechimbwa nusu ardhini. Kutoka ghalani, skrubu ndefu ya chuma inazunguka polepole na kuvisukuma vibanzi mpaka ndani ya tanuri. Feni inapuliza hewa kwa kipimo. Kompyuta ndogo inasoma joto la tanuri na hali ya moshi, inaamua iingie kuni kiasi gani na hewa kiasi gani. Tanuri likishika moto sawasawa, gesi zinazotoka kwenye kuni nazo zinaungua humo humo ndani, na siku ya baridi unachokiona juu ya dohani zaidi ni mvuke mweupe kuliko moshi. Moto ule unapasha maji, maji yanapita kwenye mabomba mpaka madarasani, yanaacha joto lake, yanarudi kuchukua jingine. Majivu yanayobaki ni machache: kuni safi, zisizochanganyika na udongo, zinaacha kama kilo 1 kwa kila kilo 100.

Hayo ni mambo yanapokwenda vizuri. Kibanzi kimoja kirefu kama fimbo kinaweza kukwamisha skrubu usiku wa manane, nje baridi ya kugandisha mto, na asubuhi watoto wanakuja. Vibanzi vyenye maji mengi vinaganda ghalani vikawa jabali. Mtu anahitajika wa kuangalia, kusafisha, kuzoa majivu, kusikiliza sauti ya mota ikibadilika. Ndiyo maana shule nyingi hazikuung'oa mtambo wa mafuta, ziliuacha pembeni uwe akiba. Nawaheshimu sana wahudumu wa boila hizi. Mpango mzima, pamoja na ripoti zake na wanasiasa wake waliokata utepe, unasimama juu ya mtu mmoja mwenye kofia ya pamba anayefungua mlango wa tanuri saa kumi na moja alfajiri.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba usikilize kwa makini. Tupime joto kwa uniti, zile zile za umeme tunazonunua kwa luku au kwa tokeni. Lita moja ya dizeli ina joto la uniti 10 hivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina uniti 4 na ushee. Kuni mbichi, zilizokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na sehemu ya moto inapotea kuyachemsha maji hayo kabla hujapata faida yoyote, kwa hiyo kilo yake inabaki na uniti 2 na kitu. Maana yake, ili uiache lita moja ya mafuta unahitaji zaidi ya kilo 2 za kuni kavu, au zaidi ya kilo 4 za mbichi. Ukizisafirisha mbali, unasafirisha maji, na unachoma dizeli ya lori ili kuokoa dizeli ya shule. Kuni ni nishati ya jirani. Zikivuka milima mitatu zimeshapoteza maana yake.

Hesabu ya pili ni ya matumizi. Ukichoma kuni kwenye kituo cha kuzalisha umeme peke yake, robo mpaka theluthi hivi ya joto lake ndiyo inageuka umeme, na mengine yanapotea hewani. Ukizichoma kwenye boila nzuri ya kupasha jengo, robo tatu au zaidi inafika kwa mwanafunzi. Kule kaskazini mwa Uingereza kuna kituo kikubwa cha umeme cha Drax, kinachochoma mamilioni ya tani za peleti kila mwaka, yaani maranda na unga wa mbao vilivyokaushwa na kushindiliwa, na sehemu kubwa inavushwa bahari ya Atlantiki kwa meli. Kuna watu wanaoliweka jambo hilo kapu moja na boila ya Darby kwa kuwa yote ni kuni. Mimi sikubali. Hizo ni biashara mbili tofauti kabisa, na anayeitetea moja asilazimishwe kuitetea nyingine.

Jimbo la Vermont, mashariki ya Marekani, lilianza kabla ya Montana. Msitu unafunika karibu robo tatu ya ardhi yake, na halina kisima cha mafuta hata kimoja. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya 1970, wajumbe wa kamati za shule walianza kuitazama milima iliyowazunguka. Tangu miaka ya 1980 shule moja baada ya nyingine zikafunga boila za vibanzi, na leo ni kadhaa wa kadhaa. Mwaka 2009 chuo cha Middlebury kiliwasha mtambo wake mkubwa wa vibanzi, kwa lengo la kupunguza nusu ya mafuta mazito kiliyokuwa kikichoma. Na katika mji mkuu wa jimbo, Montpelier, tangu 2014 mtambo mmoja wa kuni unasukuma maji moto chini ya barabara hadi ukumbi wa mji, shule ya msingi na majengo mengine, na mtambo huo huo ndio unaopasha joto jengo la bunge la jimbo. Wabunge wanajadili sera ya misitu wakiwa wamekaa ndani ya joto la msitu.

Wenyewe wa jambo hili, hata hivyo, ni watu wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Mji wa Växjö, kusini mwa Sweden, ulianza mwaka 1980 kuchoma kuni katika mtambo unaopasha joto mji, na mwaka 1996 baraza lake likaamua kwamba mji uachane kabisa na mafuta na makaa ya mawe. Wanachochoma ni vichwa vya miti, matawi na mabaki ya viwanda, kwa sababu gogo zuri lina thamani kubwa zaidi likipasuliwa mbao. Na Wasweden wana desturi moja ninayoipenda: majivu safi yanarudishwa msituni, kwa kuwa ukichukua matawi umechukua na chokaa, potasiamu na fosforasi za udongo, na udongo wa kule una asidi nyingi. Wameujali msitu wa mjukuu wao.

Kisha kuna Tok, Alaska. Majira ya baridi kipimajoto huko kinashuka chini ya nyuzi hasi 40. Moto wa msituni ulikwisha kuutisha mji huo mwaka 1990. Shule ya Tok ilianza mwaka 2010 kujipasha joto kwa vibanzi vya miti iliyokatwa kuukinga mji dhidi ya moto, baadaye ikaongeza mtambo mdogo wa kuzalisha umeme wake, na joto lililobaki likaelekezwa kwenye banda la vioo la kilimo. Watoto wa Tok, mahali ambapo mboga husafirishwa mbali mno, wanakula majani mabichi yaliyoota kwa joto la mti uliokuwa tishio kwa nyumba zao.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana kuna mahali ambapo boila za kuni ziliiangusha serikali.

Ireland ya Kaskazini, Novemba 2012, ilianzisha ruzuku kwa wenye biashara na taasisi watakaofunga boila za nishati jadidifu. Nyingi zilizofungwa zilikuwa za kuni. Kwa boila za ukubwa wa kati, serikali iliahidi kulipa kwa miaka 20 kiasi cha fedha kwa kila uniti ya joto, na kiasi hicho kilikuwa kikubwa kuliko bei ya peleti zenyewe. Uingereza kwenyewe waliweka kikomo, yaani ukishachoma kiasi fulani malipo yanapungua. Wa Ireland ya Kaskazini walinakili mpango, kikomo wakakiacha. Fikiria maana yake: kadiri unavyochoma, ndivyo unavyopata faida, hata kama joto lenyewe huna haja nalo. Zikaja habari za mabohari matupu yanayopashwa joto mchana na usiku, madirisha wazi. Mfanyabiashara mmoja alikwisha kuwaandikia wakubwa kuwaonya tangu 2013. Hakusikilizwa. Mpango ulifungwa kwa waombaji wapya Februari 2016, na gharama iliyozidi bajeti ilikadiriwa kuweza kufika mamia ya mamilioni ya pauni. Tarehe 9 Januari 2017 Martin McGuinness alijiuzulu unaibu waziri mkuu kwa sababu ya kashfa hiyo, serikali ikavunjika, na jimbo likakaa miaka 3 bila serikali yake. Ripoti ya uchunguzi ya jaji mstaafu Patrick Coghlin ilitoka Machi 2020.

Huku na kule zilikuwa boila za kuni. Kilichotofautiana na Darby ni swali lililoulizwa mwanzo. Darby waliuliza: tuna mabaki kiasi gani, na jengo gani linaweza kuyatumia? Ireland ya Kaskazini waliuliza: tutoe fedha kiasi gani ili boila ziwe nyingi? Anayeanza na swali la pili huishia kuchoma kwa ajili ya kuchoma.

Lipo pia suala la hewa ukaa, na watetezi wa kuni hulipita haraka mno. Husemwa kwamba mti umeinyonya hewa hiyo ulipokuwa ukikua, kwa hiyo ukiuchoma hujaongeza kitu. Si kweli moja kwa moja. Uniti moja ya joto la kuni inatoa hewa ukaa nyingi kuliko uniti ya mafuta pale dohani, na mti mpya unahitaji miaka kuirudisha. Hilo ni deni. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Manomet, kwa ombi la jimbo la Massachusetts, kilipiga hesabu ya muda wa kulilipa. Kuni zikichukua nafasi ya mafuta mazito katika kupasha joto, deni linalipwa kwa miaka kama 5. Zikichukua nafasi ya makaa ya mawe katika umeme, miaka 21. Zikichukua nafasi ya gesi katika umeme, zaidi ya miaka 90. Na kama kuni ni zile ambazo zingechomwa lunduni vyovyote vile, kama za Bitterroot, deni ni dogo zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa kama kuni ni safi, nawe uliza: kuni zipi, badala ya nini, kwa kazi gani?

Na moshi. Hata boila nzuri ya vibanzi inatoa chembe laini nyingi kuliko mtambo wa gesi, na chembe hizo zinaingia ndani kabisa ya mapafu. Shuleni kuna watoto wenye pumu. Kichujio cha moshi na dohani ndefu ni fedha nyingi, na ndivyo vitu vya kwanza kupunguzwa bajeti ikibana. Mahali wanapovipunguza, wasiwashe.

Huenda unajiuliza, msikilizaji, haya ya theluji yanatuhusu nini. Yanawahusu kwanza watu wa Mafinga, Njombe na Makete, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mwezi wa Juni na Julai Makete kunaganda. Watoto wa bweni wanaoga maji ya baridi, au hawaogi. Hospitali zinahitaji maji moto ya kufulia mashuka na kuosha wazazi waliojifungua. Na hapo hapo, kuzunguka shamba la miti la serikali la Sao Hill, katika mashine ndogo za kupasulia mbao ziitwazo dingdong na katika viwanda vikubwa, zaidi ya nusu ya gogo mara nyingi haigeuki ubao. Inabaki mabanzi na vumbi la mbao. Mabanzi mengine yanauzwa kuni, mengine yanachomwa lunduni, na vumbi linaoza au linafuka moshi wiki nzima. Si kwamba utaalamu haupo. Pale Njombe kampuni ya miwati, TANWAT, imekuwa ikizalisha umeme na joto la kiwanda chake kwa kuni tangu miaka ya 1990. Viwanda vya chai vya Mufindi, Rungwe na hata Kericho kule Kenya vinakausha majani kwa mvuke wa boila za kuni za mikaratusi, na mafundi wake wanazijua boila kama wanavyoyajua majina ya watoto wao.

Naliunga mkono agizo la serikali ya Tanzania la kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na mkakati wa mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Moshi wa jikoni umewaua mama zetu kimya kimya, na misitu ya asili inazidi kukatwa. Lakini jiko la wazi linalokula mti wa miombo, na boila iliyofungwa inayokula vumbi la msindano uliokwisha kupasuliwa mbao, yasihukumiwe kwa kifungu kimoja cha sheria. Wanaoandika kanuni waweke mstari hapo, kwa maneno yaliyo wazi, ili mkuu wa hospitali wa Makete asiogope kuuliza.

Na ninyi wa kamati za shule na hospitali za nyanda za juu, msianze na mwuza boila. Atakuja na picha nzuri na mkopo. Anzeni na afisa misitu wa wilaya na wenye mashine za mbao zilizo umbali wa lori moja kwa siku. Pimeni mabaki kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, maana masika barabara zinakatika na kuni zinalowa. Mjue ni tani ngapi hazina mnunuzi mwingine, kwa kuwa mama anayenunua mabanzi ya kupikia nyumbani kwake ana haki kabla yenu. Jengeni banda la kukaushia kabla ya kununua mtambo, na tengeni mshahara wa mhudumu kabla ya kukata utepe. Hesabu ikikataa, basi. Nunueni mitambo ya jua ya kuchemshia maji. Hesabu ikikubali, anzeni na jengo moja, hospitali iwe ya kwanza.